Kutafuta Kisu cha Kumenyea Mdalasini

Baba alifariki mwaka 2018. Kwenye shamba letu la Gede, si mbali na magofu, alituachia minazi, miembe na midalasini thelathini na minane. Minazi na miembe kila mtu nyumbani alijua la kufanya nayo. Midalasini hakuna aliyeijua. Baba alikuwa ameletewa miche na jamaa zake wa Unguja miaka mingi nyuma, akaipanda kando ya ua, na maisha yake yote alikuwa akichuma majani ya chai na kuambua kipande cha gome kwa pilau ya Idi. Miti ikaenda juu ikawa mirefu kuliko nyumba.

Mimi nauza viungo sokoni Malindi. Nilikuwa nanunua mdalasini wa watu kwa kilo ilhali baba ameniachia wake nyuma ya nyumba, na jambo hilo lilinichoma. Nikawaambia ndugu zangu: hii niachieni mimi.

Ninayaandika haya kwa sababu tangu mwaka jana watu wananipigia simu. Mmoja ana miti mitatu Watamu, mwingine yuko Witu, mwingine Hindi upande wa Lamu. Wote wanataka kuanza pale pale nilipoanzia mimi, na panga. Sitaki mtu mwingine aue miti wala ajikate kwa jambo ambalo ningeweza kumwambia.

Nilianza Februari 2019, kwa sababu ndipo nilipopata nafasi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na sikulijua. Ilikuwa kaskazi kavu, ardhi imepasuka. Mimi na binamu yangu tulipiga panga kwenye shina, tukatia ncha chini ya gome, tukabandua. Gome lilikuwa limeshikana na mti kama rangi ilivyoshikana na ukuta. Tukachukua nyundo. Lilitoka vipande vipande, vidogo na vinene, kama vigae vya chungu kilichovunjika. Kwa kuwa lilikuwa gumu kutoka, tulizidi kuzunguka shina zima kutafuta mahali palipolegea. Mti wa nne panga liliteleza likanipasua kidole gumba cha mkono wa kushoto mpaka nikaona cheupe ndani. Nilishonwa nyuzi tano na kudungwa sindano ya pepopunda, na kwa wiki tatu nilifungua duka kwa mkono mmoja.

Tulipata kilo sita. Mnunuzi wa kwanza aliyaangalia, akavunja kimoja, akaniambia: "Dada, haya ni ya kusaga." Alinilipa shilingi 150 kwa kilo. Hazikufika hata nusu ya nilichotumia hospitali.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye. Ile miti minne tuliyoizunguka ilianza kunyauka. Majani yalibadilika rangi kuanzia juu, yakawa ya kahawia, yakaning'inia. Chakula ambacho majani hutengeneza hushuka kwenda kwenye mizizi kupitia gome. Ukiliondoa kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, na mti unakwenda taratibu huku wewe unadhani ni jua. Mitatu ilikufa kabisa. Nilikuwa nikipita pale asubuhi nikitazama pembeni. Shangazi, dada yake baba, hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningependelea angenilaumu.

Ule wa nne ulichipua. Chini ya pale tulipomenya, karibu na ardhi, yalitoka machipukizi saba yenye majani mekundu ya kung'aa kama yaliyopakwa mafuta. Mjomba wangu, aliyewahi kuchuma karafuu Pemba ujanani, aliyaona akacheka kwa furaha. Akasema, "Mwanangu, mdalasini hutaka kukatwa. Na hukatwa mvua ikinyesha, si sasa."

Basi hapo nilianza upya, safari hii kwa kuuliza kwanza.

Mambo yenyewe ni haya, na yangenipunguzia miaka miwili kama ningeyajua. Mdalasini wa kweli haumenywi kwenye shina kubwa la zamani. Mti hukatwa karibu na ardhi, kisiki kinachipua, unachagua machipukizi manne au matano yaliyonyooka na kuyaondoa mengine. Yanapofikia unene wa kidole gumba hadi wa mpini wa jembe, sentimita 1.5 hadi 5 hivi, unayakata na kuyamenya, na kisiki kinaanza tena. Sri Lanka, nyumbani kwa mti huu, hivyo ndivyo wanavyofanya. Gome la chipukizi ni jembamba na lina harufu tamu. Gome la shina kuukuu ni nene, linakwaruza ulimi.

Wakati wake ni mvua. Maji yakipanda kwenye mti, gome huachana na kuni. Kwetu ni masika, na vuli ikiwa nzuri. Namna ya kujua ni kutazama majani: yakiwa bado mekundu na laini, subiri. Yakishageuka kijani na kukakamaa, kata chipukizi moja, chora mstari kwa kisu, inua ukingo kwa ukucha. Likiinuka bila kuchanika, kata mengine. Likigoma, rudi nyumbani, kesho ipo.

Mei 2019 tulikata miti kumi na tano. Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote. Shangazi aliingia ndani akafunga mlango, maana kwake ilikuwa ni kama tunamkata baba. Sikutumia panga tena, kwa sababu panga hupasua kisiki na maji huingia yakakiozesha. Nilinunua msumeno mdogo wa kupogolea, shilingi 850, tukakata kwa mshazari ili mvua iteremke. Miti kumi na mmoja ikachipua vizuri. Minne ilikuwa kivulini mwa mwembe, ikachipua kwa unyonge. Halafu tukangoja miaka miwili. Nasema miaka miwili nikijua mtu akisoma ataipita kwa haraka, lakini katika miaka hiyo kuna kupalilia, kuna mbuzi wa jirani, na kuna watu wanaokuuliza kila Ijumaa, "Ile miti ya baba yenu mliyoikata, mmepata nini?"

Wakati nangoja nilikuwa natazama kwenye simu video za wamenyaji wa Sri Lanka. Lugha yao sielewi hata neno. Nilizima sauti nikatazama mikono. Wana vitu vitatu tu: kisu cha kuparia gamba la nje, fimbo fupi ya shaba ya kusugulia, na kisu kidogo cha kuchanjia na kuambulia. Mtu ameketi chini, kijiti kimoja dakika chache, gome limetoka zima. Nikasema moyoni, vitu vitatu, fundi wa hapa hatashindwa.

Nilikwenda kwa fundi wa vyuma jua kali na picha niliyoichora kwa kalamu. Ni fundi mzuri, ametengeneza majembe ya nusu ya watu ninaowajua. Alinitengenezea visu viwili kwa springi ya lori, shilingi 600 kila kimoja. Vilikuwa vizito, vikali, vyenye makali ya kunyolea. Nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi.

Masika ya 2021 tukakata machipukizi ya kwanza. Kisu kilipara vizuri kwa nusu saa. Kisha niliona vidole vyangu vina weusi, kama niliyeshika makaa. Nikavifuta, vikarudi. Nikaangalia vijiti: kila kisu kilipopita pameacha mstari mweusi wa samawati juu ya gome lililotakiwa kuwa na rangi ya asali. Nilidhani ni uchafu wa karakana. Nikaviosha visu kwa sabuni na majivu, nikavisugua, nikarudia. Ikawa vile vile.

Kumbe gome bichi lina taninu nyingi, ile ile inayokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Taninu ikikutana na chuma cha kawaida penye unyevu, hutoka weusi. Zamani watu walitengeneza wino kwa njia hiyo hiyo. Mdalasini wangu wote wa siku ile, kilo nne, ulikuwa umeandikwa wino. Ladha ilikuwa sawa, lakini mnunuzi ananunua kwa macho kwanza. Ndiyo maana wenzetu wanatumia shaba na chuma kisichoshika kutu. Nilikuwa nimeiona ile fimbo ya shaba kwenye video mara mia na sikujiuliza kwa nini ni shaba.

Kwa hiyo ukitoka hapa na jambo moja, liwe hili: chuma cha springi, cha tupa kuukuu, cha panga, ni kizuri kwa kukatia mti. Kisiguse gome lililokwisha kuparwa.

Chuma hicho kisichoshika kutu, yaani stenlesi, Malindi si shida. Hoteli zinatupa visu vya jikoni vilivyoliwa na kunolewa mpaka vimekwisha upana. Nilipata vitano kwa shilingi 1,000 kwa mtu wa vyuma chakavu. Shaba nayo iko kwa wanaotengeneza na kubomoa mashua. Nilipata kipande kigumu cha mviringo, urefu wa shubiri moja na nusu, unene wa kidole cha kati, kikapimwa kwenye mizani nikalipa 900. Sisi watu wa pwani tuna historia na shaba, ile siwa ya Lamu iliyo makumbusho, pembe kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe, ni shaba, kwa hiyo nilijihisi nimeshika kitu cha kwetu. Usikubali bomba lenye uwazi ndani. Mimi nilijaribu bomba la maji la shaba kwanza. Linabonyea, na kingo zake hukwaruza.

Visu vya hoteli vilimaliza weusi. Lakini vilileta tatizo jingine ambalo sikulitarajia. Makali yake yamenyooka, na kijiti ni cha mviringo. Makali yaliyonyooka hugusa mviringo mahali pamoja tu. Ukibonyeza ili gamba litoke, pale pamoja panazama, na kisu kinaingia kwenye gome la ndani lenye mafuta. Ukilegeza, kisu kinateleza bila kutoa kitu. Tulikuwa tunapata gome lenye mitaro, kama ngozi ya mtu aliyekwaruzwa na paka, na likikauka linavunjika pale pale kwenye mitaro. Kijiti kimoja kilinichukua dakika ishirini.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia apinde makali. Alichimba kwa mashine ya kunolea, akanipa makali yenye upinde kama mwezi mchanga. Yalikaa vizuri kwenye vijiti vya unene mmoja, na vingine vyote yakakataa: vijiti vyembamba vinacheza ndani ya upinde, vinene vinaguswa na ncha mbili tu. Nikarudi tena. Mara ya tatu fundi alikasirika kidogo, na alikuwa na haki. Aliniambia, "Mama, mimi natengeneza kisu cha maneno. Hicho kitu chenyewe sijakiona."

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nampelekea michoro na mikono hewani. Hakuwahi kushika kijiti kibichi cha mdalasini.

Ijumaa moja baada ya swala nilimpeleka shambani kwa bodaboda, mimi nikilipa. Mjomba alimtandikia mkeka. Nilimkatia machipukizi matano, nikampa visu vyote, nikakaa kimya. Alipara kijiti cha kwanza, akakiangalia, akakinusa. Cha pili alikipara kwa kuvuta kuelekea kwake badala ya kusukuma. Cha tatu alikigeuza geuza akakipima kwa vidole, mwanzo na mwisho, maana kijiti kina unene tofauti kila upande. Alikuwa hazungumzi. Mwishowe aliomba vijiti sita vya unene mbalimbali, akavifunga kwenye gunia la maji, akaondoka navyo.

Wiki iliyofuata aliniletea kisu kimoja chenye pinde mbili. Upande mmoja wa ubapa upinde ni wa duara dogo, wa vijiti vya kidole. Upande wa pili upinde umelegea zaidi, wa vijiti vinene. Pinde zote mbili alizifanya ziwe kubwa kidogo kuliko kijiti, ili makali yaguse upana wa ukucha, si nukta moja wala duara zima. Na makali ameyanoa upande mmoja tu, mwingine ameuacha bapa. Hilo ndilo lililofanya kazi. Upande bapa unalala juu ya gome na kukizuia kisu kisizame, kama randa ya seremala inavyolala juu ya ubao. Aliniambia pia kwamba hakuvitia motoni visu vile, amevinoa pole pole akivichovya majini kila mara, kwa sababu vikipata joto mpaka vikabadilika rangi ugumu unakwisha na makali hayakai. Ukimpa fundi wako kisu cha stenlesi, mwambie hivyo.

Kisu kidogo cha kuambulia kilikuwa rahisi zaidi, ila ncha yake ilitusumbua. Nilitaka ncha kali. Ncha kali huchanja gome, kisha inaendelea kuingia kwenye kuni, na ukiinua inainua na nyuzi za kuni, gome linachanika. Fundi aliiviringa ncha kidogo, kama ukucha uliokatwa vizuri. Sasa inakata gome na kusimama inapokutana na kuni.

Nieleze namna tunavyofanya, maana visu bila mwendo wake havisaidii. Tunakata asubuhi vijiti vya kumenya siku hiyo hiyo tu. Kijiti kilicholala usiku mmoja bila kumenywa kinaanza kushika. Tunaviweka kivulini chini ya gunia bichi. Tunapara gamba la nje lote, kwa kuvuta, mpaka rangi ya kijivu iishe na ije ile ya kijani iliyofifia. Kisha fimbo ya shaba: unasugua nayo kijiti kizima kwa nguvu, juu chini, huku unazungusha. Kazi yake ni kulegeza gome kutoka kwenye kuni. Mwanzoni fimbo inakwama kwama, baadaye inateleza na utaona majimaji yanatoka. Kisha tunachanja duara mbili, zilizoachana sentimita 30. Tuna kijiti cha kipimo chenye alama ili mtu asikisie. Kutoka duara moja hadi nyingine tunachanja mistari miwili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Unaingiza ncha ya kisu kidogo chini ya ukingo, unaisukuma mbele kwa upole.

Nakumbuka la kwanza lililotoka zima. Ilikuwa Mei 2022, mvua imekatika ndiyo kwanza, matone bado yanadondoka kwenye makuti. Nilisukuma kisu, nikasikia mlio mdogo wa kunyonya, na gome likaachia kutoka mwanzo hadi mwisho kama kisu kinavyotoka kwenye ala. Ndani yake lilikuwa jeupe la krimu, limelowa, linateleza. Nikalishika mbele ya uso wangu na mbele ya macho yangu likaanza kugeuka, kwanza ukingoni, rangi ya nyama ya samaki, kisha ya asali. Harufu ilijaa hadi shangazi akatoka jikoni. Alilichukua mkononi mwangu, akalinusa, akaniambia, "Hii ndiyo harufu ya kaka yangu akirudi shamba." Siku hiyo ndipo ilipoisha miaka mitatu ya kifua kubana.

Mipini ina hadithi yake. Fundi anatengeneza mipini ya mkono wake, na mkono wake ni wa mtu wa nyundo. Kwetu wanaomenya ni wanawake watatu na mjomba. Siku ya pili viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, maana mpini mnene unakulazimisha kuukaba. Nikaona nifunge mpira wa ndani wa baiskeli uwe laini. Ukawa laini kweli. Tuliponusa gome lile jioni lilikuwa na harufu ya tairi. Mdalasini mbichi unanyonya harufu ya chochote: mpira, mafuta ya taa, samaki, sabuni yenye manukato. Kilo mbili zikaenda hivyo. Sasa mipini ni ya vipande vya mbambakofi tunavyookota kwa mafundi wa milango, imeparwa nyembamba kwa kila mtu kwa mkono wake, haina rangi wala vanishi, imekolezwa mafuta ya nazi tu. Kila mtu ana kisu chake na hakiazimwi.

Mgongo nao. Kumenya kwa kukaa chini na kushikilia kijiti kwa vidole vya miguu ni ustadi wa waliozaliwa nao. Sisi tulishindwa. Mjomba alichomeka ardhini panda mbili za mti, zenye urefu wa goti, kijiti kinalala juu yake kama maiti kwenye jeneza (aliyesema hivyo ni yeye) na mtu anakaa kwenye kigoda. Chini ya kila panda amefunga kipande cha gunia kijiti kisizunguke. Haikugharimu hata shilingi. Kwa vyote vilivyotengenezwa, hicho ndicho kilichoongeza kazi zaidi: kutoka vijiti vinane kwa asubuhi hadi zaidi ya ishirini kwa mtu mmoja.

Kukausha nitapita haraka, ingawa hapa pia nilipoteza. Kundi la kwanza nililianika juani juu ya bati; lilijikunja kwa hasira, likapasuka, likawa jeusi. La pili nikalitia kwenye mfuko wa plastiki kabla halijakauka vizuri, likaota ukungu ndani ya siku nne. Sasa tunatandaza kivulini chini ya paa la makuti, juu ya kamba zilizotandwa, na vipande vidogo tunaviingiza ndani ya vikubwa vikunjane pamoja. Masika hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo inatuchukua siku nane hadi kumi. Ukikivunja kijiti cha gome kikatoa mlio mkavu na hakipindi, kimekauka. Kifunge kwenye karatasi au gunia safi, kisikae karibu na vitunguu.

Hesabu. Tangu nianze hadi kisu kile cha pinde mbili, nimetumia kwenye vifaa shilingi 11,400. Vifaa ninavyovitumia leo kwa watu wanne vingegharimu kama 5,500. Kilichobaki ni makosa, bila kuhesabu hospitali na mdalasini ulioharibika. Masika ya 2023 tulipata kilo kumi na tisa zilizokauka kutoka kwenye visiki vyetu, na bei yangu kwa mpishi mmoja wa hoteli na wateja wa rejareja ni zaidi ya mara nne ya ile ya vigae. Si utajiri. Kwa miti michache hivi hutaacha kazi yako. Lakini vijiti vya kuni vilivyobaki vinapikia, vipande vilivyovunjika vinakwenda kwenye chai ya maandazi, na majani, ambayo yananukia karibu kama karafuu kwa sababu mafuta yake yana ujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake, nayauza yakiwa makavu.

Wateja huniuliza kwa nini wangu ni mwembamba na laini na wa dukani ni mnene na mgumu kama ubao. Wa dukani mara nyingi ni kasia, ndugu yake mdalasini, unaotoka Indonesia, China au Vietnam. Una kumarini nyingi, kemikali ya asili ambayo ikizidi mwilini si nzuri kwa ini. Kwenye mdalasini wa kweli ni kidogo mno. Sri Lanka hupanga mdalasini kwa wembamba wa vijiti, na daraja la juu kabisa, Alba, halizidi milimita 6 kwa upana. Wangu haujafika huko. Ninao wa milimita 12 mpaka 15 na nauonea fahari, nikijua tatizo lililobaki ni la mkono, si la kisu.

Kunoa ndilo jambo ambalo bado tunabishana nalo. Mjomba ananoa kwa jiwe la kawaida, upande bapa pia, na kila akinoa ule ubapa unapotea kidogo na kisu kinaanza kuzama. Nimemwomba anoe upande wa mshazari tu, upande bapa aupitishe kwenye msasa laini uliogandishwa juu ya kioo. Anakubali mbele yangu.

Wiki iliyopita shangazi, ambaye miaka mitatu hakutaka kuigusa midalasini ile, aliniambia visu vyote ni vikubwa kwake, vidole vyake vimeanza kukakamaa. Jana nilimchorea kiganja chake juu ya karatasi ya sukari, nikafunga na vijiti vinne vyembamba kwenye gunia la maji, nikampelekea fundi. Amesema nirudi Jumanne.